Kutega Panya Bila ya Kumnasa Asiyekuwamo

Sote tumeifahamu tangu utotoni methali isemayo kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Darasani tulifundishwa maana yake, nami niliijibu vizuri katika mtihani nikapata alama zote. Lakini maana yake hasa sikuijua mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipotega mtego kwa mikono yangu mwenyewe nyumbani kwetu Itetemia, ukamnasa asiyekuwamo. Habari hii naiandika ili mwenzangu asirudie kosa langu, na ili wazazi wasomao gazeti letu wapate njia za kutega panya ambazo ni halali kwa sheria na salama kwa watu na mifugo.

Sababu ya kuandika

Itetemia ni kata iliyo karibu na mji wa Tabora, nayo ni mahali penye sifa ya zamani, kwa kuwa hapo palikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Nyumbani kwetu ni wakulima. Mama ana shamba la mahindi lipatalo ekari moja, nyuma ya nyumba, na kandokando yake hupanda karanga na viazi. Chakula chetu cha mwaka mzima chatoka humo.

Nilipofika likizo nilimkuta mama amekwisha kupanda mara mbili. Mara ya kwanza panya walifukua mbegu kabla hazijaota. Mara ya pili vivyo hivyo. Nilipita shambani nikahesabu vishimo 100 vya mbegu kwa mstari, nikaona 41 vimefukuliwa na mbegu imeliwa. Mama alikuwa na mbegu ya kupanda mara moja tu tena, aliyoikopa, na mvua hazimngoji mtu. Kama hiyo nayo ingaliliwa, tungalinunua unga sokoni tangu Mei mpaka mavuno ya mwaka unaofuata.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na mnyama aliyekuja usiku kuchukua kuku. Katika juma moja walipotea watatu.

Mimi kwa kuwa nilijiona msomi, niliamua kumaliza mambo yote mawili kwa siku moja. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli kuukuu, nikafanya kitanzi, nikakitega katika kijia kilicho kati ya shamba na banda la kuku. Sikumwuliza mtu. Usiku wa manane tukasikia kilio. Sikumkuta panya wala mwizi wa kuku, bali mbwa wa jirani yetu, mzee tunayemwita babu, naye waya umemkata mguu hata mfupa ukaonekana.

Asubuhi baba alinipeleka kwa mzee huyo. Nikasema, “Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mbwa wangu amekula mahindi yenu?”

“Hapana, babu.”

“Amekula kuku?”

“Hapana, babu.”

“Basi mbona umemfunga?”

Sikuwa na la kujibu. Baba alilipa gharama za daktari wa mifugo, na mbwa akapona, lakini mpaka leo anachechemea. Bwana mtendaji alipopata habari alikuja nyumbani akanieleza sheria, nami nikaona kwamba nilikuwa nimefanya makosa mawili, moja la ujirani na jingine la serikali. Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kutega. Nilimwuliza bwana shamba, nikamwuliza babu yangu, na niliporudi shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza umjue unayemtega

Panya si wa namna moja, na mtego umfaao mmoja huenda usimfae mwingine. Huku kwetu yafaa kuwajua watatu.

Wa kwanza ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Ni mdogo, rangi yake ya kijivu na kahawia, naye hukaa katika mashimo kingoni mwa shamba na katika majani marefu. Huyu ndiye afukuaye mbegu. Jike lake lina matiti mengi kuliko panya wengine, mara nyingine hata 24, na hiyo ni dalili ya uzazi wake. Mimba yake ni siku 23 hivi, na huzaa watoto 10 au 12 kwa mara moja. Watoto nao huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne. Tufanye hesabu ya darasani, bila ya kuwatoa wanaokufa. Jike mmoja azaa watoto 10, nusu yao majike. Baadaye mama na binti zake 5, jumla majike 6, kila mmoja akizaa 10, watoto ni 60. Ukiongeza mama na wale 10 wa kwanza, utapata panya 71 kutoka kwa mmoja. Ndiyo maana watafiti wamekadiria kwamba katika Tanzania panya huharibu kwa wastani asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kila mwaka, na katika miaka ya mlipuko hupita kiasi hicho sana.

Wa pili ni panya wa nyumbani, ambaye hukaa darini na ghalani. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili, naye hupanda ukuta na kamba kama mchezo. Asili yake si Afrika, bali Asia, alikuja pwani kwa vyombo vya baharini. Tukumbuke kwamba Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, pakiitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu wenye maghala, na wapagazi wengi wakipumzika na kununua nafaka. Penye rundo la nafaka panya hakosi, na wala si ajabu kama baadhi ya mababu wa panya hawa walifika huku ndani ya mizigo.

Wa tatu ni panya buku, mkubwa karibu kama paka, mwenye uzito wa kilo 1 au zaidi, na mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Habari zake nitazieleza mbele.

Sheria yasemaje

Watu wengi hudhani kwamba mnyama mdogo hana sheria. Hilo ni kosa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 yasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Haisemi tembo na simba peke yao. Sungura, nguchiro, kicheche, fungo na ngawa nao wamo. Sheria hiyo inakataza kuwinda bila ya kibali, na zaidi ya hayo inakataza njia fulani za kuwindia, kama vile nyaya, mitego, mashimo na sumu, isipokuwa kwa mwenye ruhusa ya maandishi kutoka kwa wakuu wanaohusika.

Sababu yake ni ile ile ya methali yetu. Kitanzi cha waya hakichagui. Hakijui digidigi mwenye mimba wala mbwa wa jirani. Aliyekitega hulala, lakini chenyewe hakilali, na akikisahau, kitaendelea kuua mwezi mzima bila ya faida ya mtu. Katika misitu yetu ya miyombo nyaya za namna hii zimeangamiza wanyama wengi ambao hata hawakuliwa.

Panya shamba na panya wa nyumbani ni waharibifu wa mazao, na mabwana shamba wenyewe huwafundisha wakulima kuwatega shambani mwao na nyumbani mwao. Lakini hata hapo kuna mpaka. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo yakataza kumtesa mnyama bila ya sababu. Maana yake, ukimtega panya umwue upesi, usimfanye kitu cha kuchezea.

Basi mimi nimejiwekea kanuni nne. Nitege katika eneo letu wenyewe tu. Nitege kwa mtego usioweza kumnasa mwingine, au ukimnasa aweze kutolewa akiwa mzima. Niukague mtego kila siku kabla ya jua kupanda. Na mnyama asiye panya nisimtege kabisa, bali nimwite afisa wanyamapori.

Mtego wa ndoo shambani

Mtego huu ndio ulioliokoa shamba la mama. Vitu vitakiwavyo ni ndoo ya lita 20 au debe, kopo tupu la bati, waya mnene ulionyoka, maji, na chambo.

Chimba shimo, uifukie ndoo mpaka mdomo wake uwe sawasawa na ardhi. Toboa kopo katikati ya vitako vyake viwili, upitishe waya, kopo lizunguke kwa wepesi juu ya waya huo. Weka waya juu ya mdomo wa ndoo, ncha zake zikae imara katika ardhi. Kaanga karanga, uzisage, uchanganye na pumba kidogo, kisha upake katikati ya kopo. Panya akinusa hutoka kingoni na kukanyaga kopo ili ale, kopo huzunguka, naye hutumbukia.

Mimi nilianza bila ya maji, kwa kufikiri kwamba nitawaua asubuhi kwa fimbo. Asubuhi nilikuta alama za kucha tu, maana walikuwa wameruka wakatoka. Kwa hiyo bwana shamba aliniambia nitie maji kiasi cha theluthi moja ya ndoo.

Sasa jambo la usalama, nami naomba lisomwe mara mbili. Ndoo yenye maji iliyofukiwa ardhini yaweza kumwua mtoto mchanga atambaaye au aanzaye kutembea. Kwa hiyo ndoo hutegwa jioni watoto wakiwa wamekwisha kuingia ndani, na alfajiri hufunikwa kwa ubao mzito wenye jiwe juu yake. Siku ya kwanza nilichelewa kufunika, nikakuta kifaranga mmoja amekufa majini. Siku hiyo niliona afadhali kifaranga kuliko mdogo wangu wa miaka miwili, wala sikuchelewa tena. Vyura na mijusi huanguka pia. Wakati wa kukagua niliwatoa vyura 6 wazima, nikawaacha waende zao, maana hula wadudu.

Tulikuwa na ndoo 6 tu. Jioni ya pili yule mzee mwenye mbwa alikuja na madebe mawili begani. Alisema, “Panya wenu ndio panya wangu. Ukiwafukuza kwako, watalala kwangu.” Nilimshukuru kwa haya kubwa. Basi tukatega mitego 8 kwenye mpaka wa mashamba yetu mawili, hatua kumi kumi kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa usiku kumi hesabu yangu ilikuwa hivi: 17, 14, 12, 9, 8, 5, 4, 2, 3, 1. Jumla panya 75.

Siku ya kumi na moja mama alipanda mbegu yake ya mwisho. Nilipohesabu tena vishimo 100, vilivyofukuliwa vilikuwa 9. Sitaki kusema kwamba ni ndoo peke yake. Tulifyeka pia majani ya kingoni, na mvua ilinyesha vizuri siku zile, hata mbegu zikaota upesi. Lakini mahindi yaliota, na nilipoondoka kurudi shuleni yalinifika magotini.

Funzo kubwa hapo ni majira. Panya shamba hufukua mbegu hasa katika majuma mawili ya kwanza baada ya kupanda. Atakayetega baada ya mbegu kuliwa amechelewa. Tega kabla ya kupanda, uendelee mpaka mimea iwe na nguvu. Tena tegeni majirani kwa pamoja, siku zile zile, maana shamba moja likisafishwa peke yake, panya wa mashamba ya jirani watahamia humo.

Mtego wa springi na wa kizimba ndani ya nyumba

Mtego wa ubao wenye springi tunaununua dukani. Si kitu kipya; Mmarekani William Hooker aliuandikisha serikalini huko kwao mwaka 1894, na umbo lake halijabadilika sana. Huua upesi, na kwa hiyo ni wa huruma kuliko mingi. Lakini huvunja kidole cha mtoto vile vile.

Panya wa nyumbani huogopa kitu kigeni. Kwa hiyo weka mtego wenye chambo, lakini usiutege, kwa usiku mbili au tatu, mpaka azoee kula hapo. Kisha utege. Uweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukuta, kwa sababu panya hupita ukutani wala hapendi katikati ya chumba. Ufunge kwa kamba ili asiuburute. Uufunike kwa sanduku la ubao lenye tundu dogo la panya kupita, ili kuku, paka na vidole visiingie. Wakati wa kuutega ushike pembeni mwa ubao, usipitishe kidole juu ya chambo.

Mtego wa kizimba ni sanduku la nyavu za waya lenye mlango uangukao panya akivuta chambo. Sifa yake ni kwamba haumdhuru aliyeingia. Asiyekuwamo hufunguliwa mlango akaenda. Ila usiuache juani, na usiusahau. Mnyama afaye kwa kiu ndani ya kizimba amefia mikononi mwako.

Kuna watu watumiao gundi. Mimi siishauri. Hunasa mijusi na ndege, na panya hukaa humo akilia mpaka kesho yake.

Juu ya sumu

Wengi huuliza, mbona tujichoshe na ndoo, na sumu ipo sokoni? Jibu ni kwamba sumu ni kitanzi cha waya kisichoonekana. Panya aliyekula sumu hafi hapo hapo kila mara. Hutoka nje akilewalewa, paka akamla, au bundi akamchukua. Bundi mmoja hula panya wengi kuliko mtego wowote, nasi humrushia mawe kwa kudhani ni ndege wa mkosi. Ukiua paka na bundi, umewafungulia panya mlango.

Tena sumu nyingine huuzwa katika vifuko visivyo na maandishi, wala mnunuzi hajui ni kitu gani. Usinunue hiyo. Usichanganye sumu na unga au karanga mahali watoto wanapofika. Panya wakizidi nguvu ya mitego, kama wakati wa mlipuko, mwite bwana shamba; yeye anajua dawa iliyoruhusiwa, kipimo chake na namna ya kuiweka. Mtu akila sumu, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kifuko chake ili daktari akione.

Wala usichome moto majani ili kuwafukuza panya. Moto wa Oktoba katika miyombo haurudi ukiitwa. Huteketeza mizinga ya nyuki, na Tabora bila ya asali si Tabora.

Baada ya kunasa

Panya aliyekufa bado aweza kumdhuru mtu. Viroboto wake hueneza tauni. Mnamo mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch aliandika habari za tauni iliyokuwa ikiua watu Kiziba, huko Bukoba, na tangu mwaka 1980 wenzetu wa Lushoto waliteseka kwa tauni kwa miaka mingi. Mkojo wa panya nao huleta homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa huo katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, ambako walipatikana wagonjwa 20, na watu 3 walifariki.

Kwa hiyo usimshike panya kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi au tumia koleo. Mzike katika shimo lenye kina cha kufika gotini, mbali na kisima. Maji ya ndoo uyamwage katika shimo hilo hilo, si bustanini. Osha ndoo kwa sabuni, wala isirudi tena kuchotea maji ya kunywa. Osha mikono. Mwenye kidonda asikague mitego. Na ukiona panya wanakufa wengi wenyewe, bila ya mtego wala sumu, usiwaguse kabisa, bali mwambie bwana afya siku hiyo hiyo, maana hiyo ni dalili ya tauni.

Panya buku, na yule mwizi wa kuku

Usiku mmoja kizimba kilimnasa panya buku, mashavu yamevimba kwa karanga za mama. Babu yangu alisema auawe. Mimi nilimweleza habari za panya wa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine shirika liitwalo APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa namna hii ni mwepesi, akikanyaga bomu halilipuki. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu 71 ya ardhini na silaha 38 nyingine ambazo hazijalipuka. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu Uingereza, naye akafa Januari 2022.

Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Huyu wetu hajapata medali, amepata karanga.” Lakini tulimchukua katika kizimba chake mpaka ukingoni mwa msitu, tukamfungulia.

Ama yule mwizi wa kuku, sikumwona kamwe. Babu alitazama nyayo akasema ni kicheche. Mwalimu wangu kwa maelezo yangu alidhani ni fungo. Tulichofanya ni kutengeneza banda. Tuliinua sakafu kiasi cha nusu mita kutoka chini, tukaziba matundu kwa nyavu za waya, tukatia mlango wa ubao wenye komeo, na kila jioni mdogo wangu wa kike huhesabu kuku kabla ya kufunga. Tangu wakati huo hajapotea hata mmoja, wala hatukuhitaji mtego wala kibali.

Vivyo hivyo kwa nafaka. Kihenge kilichoinuliwa juu ya miguu ya mita 1, kila mguu ukivishwa bati mfano wa faneli iliyopinduliwa, nacho kisiguse ukuta wala tawi la mti, hulinda mahindi na matobolwa usiku na mchana. Mtego huua panya mmoja, lakini ghala nzuri huwanyima chakula wote.

Mwisho

Mwezi uliopita baba aliniandikia kwamba yule mbwa huja kulala penye banda letu la kuku, kana kwamba amesahau. Mwenyewe mzee ameniagiza nikirudi likizo nimtengenezee kopo la kuzunguka kama yale yangu, maana ya kwake hukwama. Nitamtengenezea.

Wenzangu, atakayetega na ajiulize kwanza: nani mwingine apita njia hii? Akishindwa kujibu, asitege.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini yafaa kutega panya shamba kabla ya kupanda, na si baada?
2. Taja njia tatu za kuwindia zikatazwazo na Sheria ya mwaka 2009 kwa asiye na ruhusa.
3. Ndoo yenye maji yaweza kuleta hatari gani nyumbani, nayo huzuiwaje?
4. Ufanye nini ukiona panya wengi wanakufa wenyewe?
5. Hesabu vishimo 100 vya mbegu shambani kwenu msimu ujao. Vingapi vimefukuliwa? Leta jibu lako kwa mwalimu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne